Kimya Kidogo na Wimbo Uliokosea Njia

Baada ya miaka thelathini na sita ya kubeba maikrofoni muda mrefu kuliko alivyowabeba watoto wake (hayo ni maneno ya mkewe, mimi simo), Mkuu wa Kitengo cha Kurekodi wa Maktaba yetu ya Sauti anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi huu. Jumatatu itakayofuata ataamka mapema, atavaa lile shati lake la mifuko minne, atatafuta ufunguo wa gari la ofisi na hataupata, kwa sababu ninao mimi. Wenzangu wamenipa kazi ya kumwandikia wasifu kwa kuwa mimi ndiye mtunza kanda, na nimekaa naye chumba kimoja tangu enzi zile nina kiuno. Wameniomba niandike kwa staha. Nitajitahidi.

Jina lililo kwenye kitambulisho chake analijua mhasibu peke yake. Sisi wengine tunamwita Kimya Kidogo. Jina hilo alijitafutia mwenyewe, maana tangu safari yake ya kwanza, kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi huinua kidole kimoja na kuomba kimya kidogo, jamani, kimya kidogo tu. Vijiji vizima vimemtii. Watoto wamebana pumzi hadi mashavu yakavimba. Ajabu ni kwamba yeye kimya hicho hajawahi kumpa mtu. Anaanza kuongea getini na mlinzi, anaendelea ngazini, anapita masjala akiongea, na anapofika chumbani kwetu huwa yuko katikati ya hadithi ambayo mwanzo wake kamwachia mlinzi. Mlinzi naye hupanda juu saa ya chai kuuliza mwisho wake.

Alikuja hapa kijana mwembamba, ametoka moja kwa moja chuo cha ufundi wa redio, na viatu vya kuazima kwa kaka yake ambavyo vilikuwa vikifika mahali kabla yake. Aliwekwa chumba cha matengenezo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa saa ya ukutani iliyokufa siku nyingi, na ingawa hakusomea saa, aliifufua. Ilitembea vizuri sana, ila mlio wake ulipenya ukuta ukaingia kwenye kila kitu kilichorekodiwa wiki ile, ikabidi ishushwe tena. Mpaka leo chumba kile hakina saa.

Mrekodi wa wakati ule alikuwa mtu wa mjini, vumbi na yeye havikupatana. Safari moja alisingizia tumbo, na Kimya Kidogo akatumwa badala yake pamoja na dereva wetu. Walirudi wekundu kama matofali, na kanda moja ya mzee mpiga zeze. Mkubwa wa ofisi aliisikiliza yote, akavua miwani, akairudisha nyuma, akaisikiliza tena. Kisha akamwambia kijana asirudi chumba cha matengenezo. Huko ndiko kupandishwa cheo kwake kwa kwanza, na barua yake ilikuja baadaye kwa mwendo ule ule tunaoujua wa barua za ofisi.

Siri ya kanda ile alinieleza mara nyingi kuliko nilivyomwuliza. Siku ya kwanza kijijini hatoi mashine. Anakaa. Anashika jembe kama watu wanalima, anachota maji kama zamu ni ya maji, anauliza habari za ng'ombe, anaulizwa habari za mjini na anazijibu kwa urefu. Siku ya pili anatembea akisikiliza mahali: upepo unatoka wapi, bati gani linalia, mbwa wa nani ana maneno mengi. Katika mfuko wake mmoja kati ya ile minne hubeba punje za mahindi kwa ajili ya kuku, maana kuku mwenye kitu mdomoni hawiki. Tumewahi kumwona akiweka maikrofoni juu ya mti wa fagio, ndani ya sufuria, na mara moja katikati ya magunia mawili ya maharage, kwa sababu sauti ya marimba ilikuwa inapiga ukuta na kurudi. Ukimuuliza anafanya nini anakwambia anapanga viti.

Si kwamba kila kitu kilinyooka. Kuna mbuzi aliyekula sponji ya maikrofoni yetu mpya huku mwenye mbuzi akiimba kwa hisia kali, amefumba macho. Kuna arusi tuliyosafiria siku mbili ili tupate ngoma zake, na tulipofika tukakuta wanaharusi wamegombana na ngoma zimerudishwa kwa wenyewe. Na nyumbani kwake kuna habari ya jokofu. Mtoto wake wa kwanza alipoanza kuita baba, alitaka kuirekodi sauti hiyo bila muungurumo, akachomoa jokofu kwenye umeme. Mtoto akaita, baba akafurahi, kila mtu akaenda kulala. Mkewe aligundua kesho yake mchana, kwa harufu. Mama watoto, kama unasoma hapa, ofisi inakushukuru kwa subira yako na inakuomba radhi kwa nyama ile.

Lakini ukiniuliza Kimya Kidogo ametuachia nini, sitaanza na idadi ya kanda, ingawa rafu zenyewe zimejaa hadi darini. Nitaanza na maneno mawili yaliyobandikwa mlangoni kwetu: KANDA HURUDI.

Zamani hatukuwa hivyo. Tulikwenda, tukarekodi, tukashukuru, tukapotea. Ndipo mpiga marimba mmoja, wakati wanafunga vifaa waondoke, alimwambia Kimya Kidogo usoni kwamba wageni wa aina yake wamekwisha kuja mara tatu, kila mmoja ameondoka na wimbo, na hajarudi hata mmoja kusema kama wimbo ulifika salama. Dereva wetu anasema njia nzima ya kurudi mwenzake hakuongea. Dereva aliogopa, alidhani anaumwa. Basi tangu hapo Kimya Kidogo akaanza kunakili kila alichorekodi kwenye kaseti na kukirudisha kwa wenyewe. Wakubwa walisema ni kupoteza mafuta. Akawa anakwenda wakati wa likizo yake, kwa mabasi, na kaseti ndani ya ndoo yenye kifuniko ili vumbi lisiingie. Baada ya miaka kadhaa wakubwa walichoka kumkataza, wakaifanya kuwa kanuni ya ofisi, na mmoja wao hata aliwahi kuisifu kwenye hotuba kama wazo lake. Kimya Kidogo alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Sasa nifike kwenye lile nililotumwa kulieleza. Yeye mwenyewe kaniruhusu, na kasema nisipunguze.

Kuna vijiji viwili kwenye kilima kimoja. Kimoja kiko juu, kimoja kiko chini kando ya mto, na vinatazamana kama mawifi: salamu zipo, mapenzi yana mipaka. Katika miaka yake ya mwanzo Kimya Kidogo alivirekodi vyote viwili ndani ya wiki moja. Kijiji cha chini kilimpa wimbo wa kupalilia. Kijiji cha juu kilimpa wimbo wa kutwanga: wanawake watatu kwenye kinu kimoja, michi ikipokezana, na wimbo ukiingia katikati ya mapigo. Aliyeongoza alikuwa mama kijana mwenye mtoto mchanga mgongoni. Betri za mashine zilikuwa zimechoka siku ile, na mafundi mnajua kinachotokea: kanda inazunguka polepole wakati wa kurekodi, kisha ukiisikiliza kwenye mashine yenye nguvu, kila kitu kinakimbia na sauti zinapanda juu kama za vifaranga. Wakati ule hatukuwa na namna ya kurekebisha. Alikuna kichwa, akanakili hivyo hivyo, akaapa kubeba betri za ziada maisha yake yote, na amebeba.

Mwaka uliofuata akarudisha kaseti zote mbili. Njiani mvua ilinyesha, maji yakaingia kwenye basi hadi ndani ya ndoo, akazitoa kaseti kwenye makasha, akazifuta kwa shati lake, akazirudisha. Kila moja akaitia kwenye kasha la mwenzake. Kwa hiyo wimbo wa juu ukashuka chini, na wimbo wa chini ukapanda juu, na mtu wetu akarudi mjini na moyo mweupe, akiwa ametimiza ahadi.

Mtasema, kwa nini hawakumwambia? Kwanza simu zilikuwa hazijafika huko. Pili, kila kijiji kilielewa jambo hilo kwa namna yake. Watu wa chini walisema mgeni kaleta zawadi, na zawadi haiulizwi imetoka wapi. Watu wa juu walinuna. Waliona ofisi imewatumia wimbo wa majirani ili kuwaambia kwamba wale wanaimba vizuri zaidi. Hawakuuliza, maana mtu aliyetukanwa haendi kuomba arudiwe tusi. Kijana mmoja wa huko juu akarekodi matangazo ya mpira juu ya ile kaseti, na wazazi wake hawakumgombeza.

Miaka ikapita. Kimya Kidogo akawa mkuu wa kitengo, akafundisha vijana, akapata mvi na kitambi ambacho hupenda kukiegemeza kwenye meza yangu. Tukaanza kuhamisha kanda za zamani kwenye kompyuta, rafu moja baada ya nyingine. Hatukuwa tumefika rafu ya chini, ya miaka yake ya mwanzo, pale bomba la ghorofa ya juu lilipopasuka siku ya mapumziko. Tuliingia ghalani maji yakitufika kwenye vifundo. Wote waliokuwepo wanakumbuka: mhasibu kapandisha suruali, mlinzi kabeba maboksi kichwani, na Kimya Kidogo kapiga magoti anafuta kanda moja moja kwa pamba, taratibu, kama anayefuta kidonda. Nyingi tuliziokoa. Ile ya wimbo wa kutwanga ilikuwa imeshikana. Alipoifungua, ule ungaunga wa kahawia unaobeba sauti ulibaki vidoleni mwake, na mkononi akabaki na utepe mtupu unaopitisha mwanga. Hapo alilia, na mimi nililia. Sioni haya kuyaandika.

Miaka minne iliyopita mlango wetu ulibishwa na mwanamke wa miaka thelathini na kitu, fundi cherehani, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja kwa kuogopa kwamba akipita nyumbani atabadili mawazo. Alisema kwao ni kijiji cha juu, kwenye kile kilima. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaanza kutembea. Picha hakuna. Marehemu baba yake hakuwa msemaji. Mama zake wadogo ndio waliomwambia kwamba siku moja walikuja watu wa mjini na mashine, na mama yake akawaimbia kwenye kinu, na yeye alikuwa mgongoni. Akasema hakuja kutafuta wimbo. Amekuja kumsikia mama yake, hata kidogo, kisha atatuacha tufanye kazi.

Nilimtazama Kimya Kidogo. Mtu ambaye hukosa pumzi kabla hajakosa neno, siku hiyo aliyapanga maneno yake moja moja. Alimvutia kiti. Alimweleza yote: maji, rafu ya chini, utepe mtupu. Hakujitetea kwa bomba wala kwa ofisi. Fundi alisikiliza, akashukuru kwa adabu, akaanza kuikunja tepu yake kuizungushia kidole. Ndipo, akiwa amekwisha kusimama, akasema labda ni Mungu tu, maana hata ile kaseti iliyoletwa kijijini haikuwa na mama yake, ilikuwa na watu wa chini wanapalilia.

Sijawahi kumwona mtu anainuka kwenye kiti vile. Kimya Kidogo alijipiga paji la uso, akamwomba arudie. Fundi akarudia. Mwenzetu akakumbuka mvua, akakumbuka shati, akakumbuka makasha. Kama kaseti ya chini ilipanda juu, ya juu ilikwenda wapi? Aliuliza swali hilo akiwa tayari ananinyang'anya ufunguo wa gari.

Tulikwenda wanne: dereva, Kimya Kidogo, fundi na mimi, na huko juu tukamchukua mama mdogo wa fundi, mmoja wa wale wanawake watatu wa kwenye kinu. Alikuwa mama mwenye maneno makali na magoti mabovu. Alimsomea Kimya Kidogo makosa yake ya miaka yote ile kutoka kijiji cha juu hadi cha chini, na njia ni ndefu. Mwenzetu alijibu ndiyo mama, kweli mama, kila baada ya kona.

Kijiji cha chini tulipokewa na kiongozi wao wa nyimbo, bibi mfupi wanayemwita Bibi Kengele. Kimya Kidogo aliuliza habari za kaseti. Bibi akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, akamwonyesha shamba la mtama. Utepe wa kaseti ulikuwa umefungwa kutoka mti hadi mti juu ya masuke, unang'aa juani, unavuma upepo ukipita. Waliicheza kaseti ile hadi ikakatika, wakaiunga, ikakatika tena, na tangu hapo inafukuza ndege. Bibi alisema inafukuza vizuri sana.

Fundi aliingia shambani, akaushika utepe kwa vidole viwili. Kimya Kidogo alimfuata, akaugeuza, akautazama. Jua la miaka yote hiyo lilikuwa limeumaliza. Mimi nilibaki mpakani mwa shamba nikijifanya napanga begi, kwa sababu sikujua nimtazame nani.

Bibi Kengele ndiye aliyetutoa hapo. Alisema kaseti imekwisha lakini wimbo upo, na kama tumekuja kuuchukua, basi tusubiri kidogo, maana leo wanatwanga.

Wakaleta kinu. Wanawake watatu wakasimama, Bibi Kengele akaanza. Jamani. Walikuwa wameujifunza kutoka kwenye kaseti, na kaseti ilikuwa inakimbia, kwa hiyo na wao walikuwa wanakimbia. Sauti juu, michi inapishana haraka kiasi kwamba niliwahofia vichwa vyao. Inasemekana hakuna kijiji ukanda ule kinachomaliza kutwanga mapema kama kile, na hakuna chenye wanawake wenye mabega kama yale. Katika ubeti wa pili wote watatu wakakohoa. Mara moja, kwa pamoja, kavu, kisha wakaendelea. Mama mdogo alishika mdomo. Kile kikohozi kilikuwa chake. Siku ile ya kurekodi pumba zilimwingia kooni, na kwa miaka thelathini watu asiowasalimia vizuri walikuwa wakikohoa kikohozi chake kwa heshima zote, wakidhani ni sehemu ya wimbo. Alicheka hadi akakalia mchi.

Kisha katika ubeti wa tatu michi ikasimama. Bibi Kengele peke yake, kwa ile sauti ya juu, akaimba: Tulia mama, tulia, mgongo wote huu ni wako. Michi ikaanza tena.

Mama mdogo aliacha kucheka. Akainua mkono, wakanyamaza. Akasema ubeti ule haupo. Kwao huko juu wimbo hauna maneno hayo, haujawahi kuwa nayo. Siku ile mtoto alilia katikati ya kutwanga, na dada yake akasimamisha mchi, akageuza shingo, akamsemesha mtoto wake, kisha wakaendelea kwa sababu yule kijana wa mashine alikuwa bado kainua kidole. Akamgeukia fundi cherehani, akamwambia kwamba aliyekuwa analia ni yeye.

Wanawake wa chini walitazamana. Walikuwa wakiimba ubeti ule miaka yote wakiamini unahusu uchovu, mgongo wa mtu aliyefanya kazi kutwa. Wamewaimbia binti zao, binti zao wameuimba. Fundi alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, gauni lake zuri la kushona mwenyewe, mikono juu ya kichwa. Hakuna aliyemwambia ainuke.

Alipoweza kusema, aliomba waurudie. Mama mdogo akasimama, magoti na yote, akachukua mchi mmoja, akawaonyesha mwendo wake wa kweli. Polepole. Walihangaika kupunguza, mabega yamezoea mbio, lakini walifika. Sauti zikashuka, zikawa za watu wazima. Na walipofika pale michi inaposimama, Bibi Kengele, ambaye siku zote aliimba ubeti ule akitazama ndani ya kinu, aligeuka, akamtazama fundi machoni, akamwimbia yeye.

Kanda ya siku hiyo tunayo, kwenye kompyuta, nakala tatu katika majengo matatu. Kijiji cha juu wanayo, kijiji cha chini wanayo, na makasha niliyakagua mimi mwenyewe. Mwishoni mwake anasikika mwanamume anapenga kamasi kwa muda mrefu. Vijana wa kitengo walitaka kumfuta. Nimekataa, na kwenye maelezo ya kanda nimeandika: kelele za nje, mtaalamu.

Wanawake wa juu sasa hushuka kila mwezi kujifunza wimbo wao kwa watu wa chini, maana kati ya wote waliokuwa wanaujua huko juu amebaki mama mdogo na magoti yake. Yapo mabishano kuhusu kikohozi. Wa chini hawakubali kitolewe. Mama mdogo anajifanya kuudhika, na kila mara hukaa pale pale anapoweza kukisikia vizuri.

Yote haya Kimya Kidogo huyasimulia akijicheka. Lakini mimi nakaa naye chumba kimoja, na najua saa anazoacha kuongea. Amenieleza zaidi ya mara moja kwamba kati ya kazi zake zote kuna moja aliyoiharibu: kulikuwa na binti ambaye angeweza kumsikia mama yake, na yeye akaipoteza ile sauti mara mbili, kwa maji na kwa makasha. Anasema anastaafu na deni hilo. Nimembishia, hanisikii. Hivyo nilipoanza kuandika wasifu huu nilipanda basi, nikaenda hadi kwenye kibanda cha fundi cherehani, nikamwuliza anataka tuandike nini. Alimaliza kwanza kupiga upindo wa sketi aliyokuwa nayo kwenye mashine, akakata uzi kwa meno, kisha akaniambia. Nayaweka mwishoni, kama alivyoyasema.

Kaka yetu Kimya Kidogo, mwenzangu, mwalimu wa wengi, mume wa mwanamke mvumilivu na baba wa watoto uliowarekodi kuliko walivyotaka, Maktaba hii inakushukuru kwa vumbi lote ulilomeza kwa ajili yetu. Nenda ukaongee na wajukuu hadi wachoke wao. Afya iwe nawe, usingizi wako uwe mzito, na hatua zako ziwe nyepesi popote utakapokwenda. Ufunguo wa gari utaendelea kukaa kwangu. Na hili deni lako, mwenye kudai analijibu mwenyewe. Fundi cherehani anasema sauti ya mama yake hakuipata, hilo ni kweli, na ameilia. Lakini amekuwa mtoto, amekuwa msichana, amekuwa mtu mzima bila kuwa na hata neno moja ambalo mama yake alimwambia, na sasa analo, na alipojifungua mwezi uliopita, mtoto alipolia, alijua aseme nini.